Mhamishaji wa Rosemont

"Kaa chini, Normand. Hata treni yenyewe haihangaiki kama wewe."

Normand Quesnel alikuwa amesimama kwa mara ya tatu tangu watoke Montréal, mikono juu kwenye rafu ya mizigo, akilipanga upya sanduku la mtu asiyemjua. Lilikuwa limelazwa ubavu, magurudumu yakitazama nje. Kazi ya kitoto kabisa. Akaligeuza, akaliegemeza kwenye begi lao, akalitikisa kuona kama litacheza. Halikucheza. Akarudi kukaa, na alipokaa tu, mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa ndani wa koti kugusa bahasha.

Ilikuwepo. Tatizo lilikuwa hilohilo, kwamba ilikuwepo.

"Na koti huvui?" mkewe akauliza. "Humu ndani moto kama jikoni."

"Nasikia baridi."

"Baridi, na jasho hilo kwenye kipara! Haya bwana. Ukizimia nitasema sikujui."

Ghislaine Hamelin alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ulimi mwepesi na macho yasiyolala. Alikuwa ameshona nguo za kuogelea kiwandani tangu usichana wake mpaka kiwanda kilipofungwa. Leo alikuwa amejipara: blauzi ya bluu, midomo ya rangi, nywele zimetengenezwa na jirani. Mkono wake wa kushoto aliulaza mapajani, kwani ulikuwa na wiki mbili tu tangu utolewe plasta, na bado ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake.

Bahasha ile ilikuwa na barua fupi yenye mwandiko wa Ghislaine na sahihi mbili chini. Ilimwarifu Bwana Tsoukalas, mwenye nyumba wao, kwamba baada ya miaka thelathini na mmoja wanaondoka ifikapo mwisho wa Juni. Ghislaine alikuwa amemkabidhi mumewe wiki tatu zilizopita ili aiposti kwa rejesta. Normand alikwenda mpaka posta. Akapanga foleni. Walipobaki watu wawili mbele yake, akajifanya amekumbuka jambo, akatoka. Mkewe alipomuuliza jioni, alijibu, "Tayari." Neno moja tu, na tangu siku hiyo hakupata tena usingizi wa mtu mwema.

Kwao sheria ya kupanga haina mchezo. Mwenye nyumba akikuletea notisi ya kuongeza mkataba kwa mwaka mwingine, una mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi. Ukinyamaza, umekubali, na umejifunga mwaka mwingine mzima. Mwezi wa Normand ulikuwa unaisha leo, tarehe ishirini na saba Machi. Na huko Québec, mji waliokuwa wakiuendea, mkataba wa nyumba nyingine ulikuwa unamngoja Ghislaine autie sahihi mchana huu, karibu na binti yao Josiane. Wangejikuta na nyumba mbili, watu ambao hata moja waliilipia kwa kujibana. Kwa hiyo ilimpasa aseme kabla hawajashuka. Safari yote ni saa tatu na ushee, naye alikuwa ameshaipoteza moja akipanga masanduku ya watu.

Kinachochekesha, kama kuna wa kucheka, ni kwamba kazi ya Normand ilikuwa kuhamisha watu. Karibu Montréal nzima huhama siku moja, tarehe mosi Julai, maana mikataba huisha jana yake. Siku hiyo magodoro hutembea barabarani, makochi huning'inia kwa kamba kutoka roshani, wapenzi walioachana hugombea kikaango mbele ya majirani. Julai mosi arobaini na moja Normand alikuwa katikati ya vurugu hiyo, mkanda begani, akiwatukana wenziwe kwa mapenzi. Mtaa wa Rosemont haukuwa na ngazi asiyoijua. Alijua ipi inapinda kulia, ipi haipitishi friji mpaka uivue mlango, ipi ina kidato kilichooza ambacho mwenye nyumba ameahidi kukitengeneza tangu enzi za babake. Alibeba piano, alibeba majiko, aliwahi kubeba kasuku aliyekuwa akimtukana njia nzima. Vyake mwenyewe hakuwahi kuvitoa nje hata stuli.

Miaka minne iliyopita magoti yaligoma, akaacha kazi. Ghorofani kwake, ya tatu, juu kabisa, alipanda kwa kushika chuma kwa mikono miwili, na akifika juu alisema kwamba hajachoka.

"Josiane kasema bibi mwenye nyumba ni mtu mzuri," Ghislaine alisema. Alikuwa ametoa mkate uliopakwa kretoni, nyama ile ya nguruwe ya kusaga aliyoipika mwenyewe, akamkatia kipande. "Bibi Paquet. Anakaa juu, anatupangisha chini. Mlango ukifungua, uko nje. Basi. Hata kidato kimoja hakuna."

"Nyumba za chini huoni kitu. Unaona magoti ya watu wanapita."

"Magoti ndiyo niliyoyakosa! Tangu Januari naona watu kwa juu tu. Nawajua wenye vipara wote wa mtaa wetu, na wewe ndiye unaongoza."

Mama mmoja upande wa pili wa njia, aliyekuwa akifuma soksi, akacheka peke yake. Normand hakucheka. Alitafuna mkate bila kuusikia ladha, na nje mashamba yalipita, theluji imeanza kuchujuka, matope yakitokeza.

Januari. Kila asubuhi ya baridi kwa miaka thelathini na mmoja, kabla ya kunywa chochote, Normand alitoka na koleo na ndoo ya chumvi akavunja barafu kwenye ngazi za nje, zile za chuma, kuanzia juu mpaka chini. Asubuhi ile redioni walikuwa wakibishana juu ya mechi ya hoki ya jana, na kahawa ilikuwa moto. Alijiambia atashuka wakimaliza. Ghislaine hakujua. Akatoka kufuata mkate. Aliteleza, akaporomoka vidato kumi na kimoja, na Normand alivisikia vyote kutoka mezani.

Mkono ulipona. Roho ndiyo iliyogoma. Tangu siku hiyo Ghislaine alitoka kwenda hospitali tu, na njia aliyoshukia ilikuwa ya kukalia makalio, kidato kimoja kimoja, akilia kimyakimya mbele ya majirani ambao kwa adabu walijifanya wanatafuta funguo. Leo alfajiri alishuka hivyohivyo na blauzi yake ya bluu, na alipofika chini alijipangusa na kusema, "Bado kidogo tu, nitashuka hivi kwa mara ya mwisho." Normand aliposikia hivyo, aliigusa bahasha mfukoni.

Walipita Saint-Hyacinthe. Walipita Drummondville, mtu mmoja akashuka na lile sanduku lililopangwa vizuri. Mara mbili Normand alifungua kinywa. Mara ya kwanza akauliza saa, mara ya pili akasema mikaratusi ni michache upande huu.

"Mikaratusi?" Ghislaine alimtazama. "Umewahi kuona mkaratusi wapi wewe, Normand?"

"Nimesema misonobari."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Mbele kidogo treni ikapunguza mwendo, ikasimama katikati ya mashamba. Abiria wakashusha pumzi kwa pamoja. Kwenye njia hiyo treni za abiria hupisha za mizigo, na kila mtu alilijua hilo. "Haya, wakubwa wapite," mtu akasema nyuma. Kisha ikaja ile ya mizigo, ikaziba dirisha lote: kontena juu ya kontena, nyekundu, bluu, kijani, kelele zikajaa behewa mpaka vikombe vikatetema.

Normand aliona hapa ndipo. Ndani ya kelele kama hizi mtu anaweza kusema neno na neno lisimuumize mtu sana. Akapiga moyo konde.

"Sikuiposti ile barua," akasema.

Ghislaine, aliyekuwa akimenya yai kwa mkono mmoja, akamwinamia. "Nini?"

"Barua! Sikuiposti!"

"Sikusikii, mzee wangu, ngoja ipite."

"BARUA YA TSOUKALAS! SIKUIPOSTI!"

Behewa la mwisho la mizigo lilikuwa limeshapita alipofika kwenye "sikuiposti". Neno lilisimama peke yake kwenye kimya, likasikika mpaka mlango wa choo. Sindano za mama wa soksi zikatulia.

Ghislaine aliliweka yai juu ya karatasi, taratibu.

"Iko wapi?"

Akaitoa. Pembe za bahasha zilikuwa zimelegea kwa kushikwashikwa. Ghislaine aliigeuza mbele na nyuma, akaona stempu aliyoibandika mwenyewe.

"Wiki tatu."

"Wiki tatu."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nikauliza tena Jumapili, mbele ya dada yako. Ukasema Tsoukalas ameipata na amesikitika. Ukamwigiza mpaka sauti!"

"Nilimwigiza," Normand alikiri.

"Tabernakulo!" Ghislaine akasema. Kwao mwanamume akigongwa kidole hutaja vyombo vyote vya kanisani, lakini mkewe hakuwa mtu wa kuvitaja, na Normand alijikunja kitini. "Niambie sababu. Na usiniambie magoti ya watu."

Normand alitazama mikono yake, mikubwa, isiyo na kitu cha kubeba.

"Naogopa," akasema. "Wewe hukuwa kwenye kazi ile. Mimi niliona. Unamkumbuka mzee Archambault, wa mtaa wa nyuma? Tulimhamisha kwa mwanawe. Miaka hamsini alikaa pale. Tulipanga kila kitu, hata saa ya ukutani tulimtundikia. Tunaondoka, tukamkuta amekaa juu ya boksi, koti mwilini, kofia kichwani. Akaniuliza, 'Normand, tunarudi saa ngapi?' Novemba tukamzika. Na si yeye tu. Vitu vinafika, Ghislaine. Nimevifikisha maelfu, bila mkwaruzo. Watu wengine hawafiki."

Mama wa soksi alijifuta pua. Ghislaine hakujifuta kitu.

"Na mimi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyomtisha. "Mimi nimefika wapi tangu Januari? Dirishani. Napika, naenda dirishani. Nafua, naenda dirishani. Wewe unashuka kwa rafiki zako, unanunua gazeti, unarudi na habari. Mimi nasimuliwa mtaa wangu mwenyewe."

"Chumvi naiweka sasa. Mara mbili kwa siku."

"Najua unaweka. Unaweka mpaka ngazi inaota kutu, halafu unashangaa mbona sishuki. Sikukulaumu siku ile, Normand. Mtu anaweza kusahau. Hii hukusahau. Hii ulikuwa ukiishika kila siku."

Ilikuwa kweli, na Normand alijisikia mdogo kuliko lile yai.

Ghislaine akamrudishia bahasha, akaisukuma kifuani kwake kwa kiganja.

"Chukua. Hiyo ni yako, fanya unavyotaka. Mimi leo nasaini. Jina langu, peke yake, Hamelin. Sheria ya kwetu haijawahi kunifanya Quesnel hata siku moja. Wewe baki na ngazi yako. Utakuja Krismasi, tutakupikia."

"Unatania."

"Nimetania tangu Montréal. Sasa sitanii."

Akainuka, akachukua mkoba wake, akavuka njia na kukaa kando ya mama wa soksi. "Hiyo rangi nzuri," akamwambia. "Unaanza na nyuzi ngapi?" Ndiyo mara ya kwanza Normand kuona mtu wake akihama, na hapakuwa na hata boksi la kumbebea.

Treni ilivuka daraja kubwa la chuma juu ya mto, chini mabamba ya barafu yakielekea baharini yakigongana. Normand alisimama, akakaa, akasimama. Kondakta alimwomba mara mbili akae. Miaka arobaini na miwili ya ndoa alikuwa anaijua kwa uzito, kama alivyojua vitu vyote, na hakuwahi kufikiri kwamba upande mmoja unaweza kuachia.

Josiane aliwapokea stesheni, mwanamke wa miaka arobaini, nesi, mwenye mwendo wa mamake. Akawabusu kushoto na kulia. "Mbona mmenuna? Kuna nini?"

"Hakuna kitu," Ghislaine alisema. "Baba yako ana joto."

Nyumba ilikuwa bondeni, mtaa wa Saint-Sauveur, mahali ambapo nyumba zinagusana mabega na njia ya miguu inapita chini ya madirisha. Bibi Paquet, mwembamba, aproni ya maua, aliwaonyesha jiko, chumba, bafu, akaweka nakala mbili za mkataba juu ya kabati la jikoni pamoja na kalamu. "Someni kwa nafasi. Napanda juu kutafuta funguo za pili, sijui nimezitupa wapi." Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na mistari miwili ya wapangaji.

Ghislaine hakusoma kwa nafasi. Aliandika jina lake kwenye mstari wa kwanza, mara mbili, nakala mbili, akakifunga kifuniko cha kalamu. Josiane alimtazama babake. Babake alikuwa akitazama fremu ya mlango, upana wake, kwa mazoea tu. Friji ingepita bila kuvuliwa kitu.

"Nataka kuujaribu mlango," Ghislaine alisema.

Akaufungua, akatoka. Hivyo tu. Hakushika chuma, hakukalia kitu, hakutazama miguu yake. Normand alisogea dirishani. Mkewe alisimama nje bila koti, kando ya rundo la theluji chafu, mikono kiunoni. Kisha akarudi ndani, akapita mpaka jikoni, akagusa sinki. Akatoka tena. Akarudi. Mara ya tatu alipotoka alimsalimu mwanamume mwenye mbwa, akamuuliza jina la mbwa, akaenda mpaka kona, akapotea machoni. Akarejea, uso mwekundu kwa baridi, akicheka mwenyewe, na akapita dirisha bila kusimama, akaelekea kona ya pili.

Normand alikuwa amesahau kwamba mkewe hutembea haraka. Miezi mitatu tu, na alikuwa amesahau. Aibu ilimshika, ile ya kweli.

"Josiane," akaita. "Hiyo simu yako inapiga picha barua?"

"Inapiga, Baba."

"Na Tsoukalas ana anwani ya mtandaoni?"

"Anayo. Mama alinipa zamani, kwa dharura." Alisogea, akamwona babake akiitoa bahasha, akiichana kwa kidole, akiinyoosha karatasi juu ya kabati kwa kiganja chote. Josiane akasoma. Akaona tarehe. "Baba! Mwisho si leo?"

"Tarehe naijua."

"Tumngoje Mama aingie?"

"Usimngoje mtu. Piga."

Simu ikatoa mlio mdogo, kisha mwingine. Normand alitegemea kelele kubwa zaidi. Walingoja pale wawili wakitazama kioo. Baada ya dakika chache jibu likaingia, na Josiane akamsomea: "Nimeipata. Asante kwa miaka yote, Normand. Nisalimie Ghislaine."

Basi. Miaka thelathini na mmoja ikawa imekwisha bila mtu kuvuja jasho. Montréal hakuwa na nyumba tena, na hapa jina lililoandikwa lilikuwa moja. Mtu aliyehamisha nusu ya Rosemont alisimama jikoni kwa mke aliyeudhika naye, hana pa kurudi na hana pa kukaa.

"Saini basi," Josiane alinong'ona, akimsogezea kalamu. "Mstari wako huu hapa."

Normand aliichukua kalamu. Akaishika kwa muda. Akairudisha palepale alipoikuta.

"Sijakaribishwa," akasema.

Ghislaine aliingia, akipuliza vidole. "Mbwa anaitwa Askofu!" akamwambia Josiane, wala hakumwangalia mumewe. Normand akavaa kofia. Akampisha mlangoni, akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake vizuri, mpaka kitasa kikalia.

Nje maji ya theluji yalikuwa yakitiririka mferejini. Watu wawili walipita na mifuko ya sokoni, wakamtazama mzee aliyesimama akikabili mlango uliofungwa, uso karibu na mbao. Ndani alimsikia Josiane akisema jambo kwa haraka, muda mrefu. Jina la Tsoukalas likatajwa.

Akabisha mara tatu.

"Hodi," akasema.

Hatua zikaja. Hazikuwa na haraka. Zikafika mpaka nyuma ya mlango, zikasimama.

"Nani?" Ghislaine akauliza.

Normand akavua kofia.